Irisi za Mbele ya Nyumba na Vilio vya Uongo

Kutoka kwa Mama Fidélie Nkulu,
Njia ya kuteremuka ku maboti,
Nchelenge, Zambia.
Siku ya Mungu, tarehe 8 Septemba 2024

Mpendwa yaya yangu Clémentine, dada yangu mukubwa,

Amani ya Bwana ikukute wewe na wote wa nyumba yako. Uko namna gani, yaya? Muguu wako umekwisha kupona, ao ungali unavimba wakati wa joto? Na shemeji Jean-Claude, kifua chake? Nasikia vumbi ya Kolwezi haimuachi mutu apumue. Kila asubui ninawataja mbele ya Mungu, wewe wa kwanza, na hata siku yenye usingizi inanishinda, jina lako siliruki.

Sisi tuko wazima. Constantin eko na nguvu, analalamika tu, na mimi ninajua kwamba bwana yangu akilalamika, eko vizuri. Malaria ilinilalisha mwezi wa sita lakini ilikwenda. Umeme unakuja wakati unapenda, simu inalala bila moto, njo maana unaona karatasi. Tena kwa simu ningelia, na wewe ungelia, na unite za simu zingekwisha kwa kulia. Méschac anayekuletea barua hii ni yule kijana wa samaki anayepita Kasenga. Umupe chai na mukate, ni mutoto wa heshima.

Yaya, leo nataka kukuambia habari ya ile mizizi ya maua ya irisi uliyonitumia mu mufuko wa unga. Nilikuambia kwamba ilishika. Sikukuambia kilichofuata, juu nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe haijanitoka.

Mwaka wa kwanza yalitoka majani tu, yamesimama kama visu. Jirani yangu Mama Chomba alikuwa anaegemea uzio wa lupango yake na kunicheka. «Mama Fidélie, hii utapika na nini? Ungepanda matembele, walau tungekuja kuomba mboga.» Niliinywesha mayi ya kuoshea samaki, ile yenye damu na magamba, mpaka paka wote wa mutaa wakahamia kwangu. Constantin akasema sasa tunafuga paka na majani, na vyote viwili haviliwi.

Lakini mwaka huu, baridi ya mwezi wa saba ilipopita, maua yalifunguka. Yaya, kama ungeona! Rangi ya zambarau, na ndani kaulimi ka manjano, pembeni kama kitambaa chenye mutu amekunja kwa vidole. Watu wenye kuteremuka ku maboti walisimama. Hata dereva wa minibasi ya Mansa alipunguza mwendo, abiria wakamutukana.

Na wewe unanijua, siwezi kukaa na kitu kizuri peke yangu. Nikaweka sheria moja mbele ya Mungu: mutu wa kilio, mwenye kufiwa, akikuja kuomba maua, ninamukatia, simuulizi kitu. Wa sikukuu, wa picha, wa ndoa, wao wangoje kama yamebaki. Unajua kwa nini. Siku tulimuzika mama mu kambi ya wakimbizi, tulikuwa na udongo tu na majani ya mihogo. Tangu siku ile siwezi kuingia mu kilio cha mutu, miguu inakataa. Kwa hiyo nilikuwa natuma maua yaende pahali pangu.

Basi sheria yangu ikajulikana Nchelenge nzima. Na watu wakaanza kufa, yaya! Wakakufa ovyo ovyo. Dany, yule mupiga picha wa karibu na soko, alikuja na macho mekundu, eti shangazi yake. Nikamukatia mafungu mawili na kumuombea. Kesho yake napita mbele ya studio yake, naona irisi zangu kwenye kopo, na musichana amekaa kati yake anacheka meno yote inje, Dany anamuambia ainue kidevu.

Mama Chomba naye, yule wa matembele, alinililia kaka yake Kapembwa aliyekufa ku Mansa. Nililia naye. Nilimutaja mu maombi ya wamama, tukamuombea pumuziko. Wiki iliyofuata nafagia mbele ya mulango, naona Kapembwa anashuka ku minibasi na mbuzi wake.

«Baba Kapembwa,» nikamuambia, «sisi tulikuzika.»

«Mulinizika? Kwa ruhusa ya nani?»

«Ya dada yako.»

Akacheka mpaka mbuzi akaponyoka. Mama Chomba, badala ya kusikia haya, akaniitia kule ng'ambo ya lupango: «Ee mama, si ulimuombea? Maombi yako njo imemufufua!» Nikaingia ndani nikafunga mulango. Maua yalikwenda kupamba meza ya sikukuu ya mujukuu wake.

Njo vile moyo wangu ulianza kukauka. Kila aliyelia nilimuangalia machozi kama yanatoka kweli.

Sasa, ndoa ya binti yetu Gloire ilikuwa siku ya posho, Jumamosi, tarehe 31 ya mwezi wa nane. Nilikuandikia habari ya Chanda anayemuoa, kijana muzuri, anasali. Gloire hakuniomba gauni kubwa. Aliniomba irisi za kushika mukononi, ili kitu cha kwetu, kutoka ku mizizi ya mama yake mukubwa, kiingie naye mu kanisa. Basi nilizilinda. Nilizungusha miiba, nikafunika na kitenge wakati wa jua kali. Constantin akaniita sentinele, akaniuliza kama nataka na bunduki.

Siku ya tano, Ijumaa, kesho yake ndoa, saa ya asubui, mwanaume mumoja alisimama pa miiba yangu. Nilikuwa namuona kila siku akipanda njia na sufuria imefungwa mu kitambaa, lakini sikujua jina lake. Leo najua: ni Katongo, muvuvi wa kisiwa cha Kilwa, humu mu ziwa yetu. Siku ile mikono yake ilikuwa mitupu.

«Bamayo, napapata,» akasema, ni Kibemba, mama nakusihi, kisha akaendelea kwa Swahili ya wavuvi, «munipatie maua kidogo. Mama amekufa.»

Yaya, mimi njo niliyesema haya, kwa kinywa kinachoimba mu kanisa: «Mama wa kuzaa, ao mama wa kuombea maua?»

Akaniangalia. «Wa kuzaa, bamayo. Boti inatungoja, upepo unaanza.»

«Wiki hii watu wa hapa wanakufa na kufufuka. Ulete mukubwa wa kanisa yenu, aniambie yeye.»

«Kanisa yetu iko Kilwa, bamayo.»

«Basi na maua yangu yatangoja mutu wa Kilwa.»

Aliangalia miiba, akaangalia kitenge, akasema, «Haizuru. Shalenipo, bamayo,» njo kusema mubaki salama. Akateremuka polepole. Na mimi nikajisikia nimeshinda! Nikamuambia Constantin, leo mwongo mumoja amekutana na mwenye kumuweza. Akaacha kutafuna.

Baadaye Gloire akatoka ku soko anakimbia. «Mama, ule baba wa sufuria ya uji, mama yake amekufa ku hospitali. Wanaingiza sanduku mu boti.»

Ule wa sufuria ya uji. Kila asubui alipita mbele ya macho yangu akipelekea mugonjwa chakula, na mimi nilikuwa naangalia kama mukono wake unakaribia maua.

Nilishika kisu nikakata yote. Yote, yaya, hata yenye haijafunguka. Nikakimbia ile njia na kiatu kimoja. Nilipofika, boti ilikuwa imekwisha kuingia mbali, namna ya kusikia tu wamama wakiimba na injini ikiwafunika. Wavuvi wakanigeukia, mikono yangu imejaa maua. Mumoja akaniitia, «Mama wa maua, ndoa ni kesho, umekosea siku!» Wakacheka. Hawakujua.

Nilirudisha maua ku nyumba, nikayatia mu ndoo. Nikamuambia Gloire, basi, walau wewe utayashika. Mutoto wangu akakaa chini mbele ya ile ndoo. «Mama, hizi si zangu tena,» akasema. Nilimubembeleza, nikamukaripia, nikamuita baba yake. Constantin akasema tu, «Mimi siingii kati yenu.» Kesho yake Gloire aliingia mu kanisa mikono mitupu, na maua yakanyauka mu ndoo nyuma ya nyumba.

Na unajua walisema nini, wale wageni wanaokula wali wangu? Nilisikia kwa masikio yangu, nyuma ya sufuria: «Maua yote ile, na binti yake anaolewa bila hata moja. Choyo mpaka kwa mutoto wa tumbo yake!» Mama Chomba njo alikuwa anaongoza. Nilitaka kumumwagia muchuzi. Nikamuongezea nyama, juu ilikuwa ndoa.

Nilikwenda kwa pasteri. Alinisikiliza vizuri, akaniombea, akasema Mungu amekwisha kunisamehe, niende na amani. Najua Mungu amesamehe, yaya. Lakini si Mungu niliyemufukuza pa miiba.

Sasa usikie ya juzi. Katongo alipita na mizigo ya samaki kavu. Nilimuona kutoka mbali nikataka kujificha, lakini alikuwa amekwisha kuniona, akavua kofia. «Bamayo, nasikia mutoto aliolewa. Mungu abariki.» Kama hakuna kitu kilichopita kati yetu. Afazali angenitukana!

Nikamuomba musamaha pale pale mbele ya watu. Nikachukua jembe, nikachimba fungu kubwa la irisi na mizizi yake, nikamuambia, peleka, panda pa kaburi ya mama, ni yako milele. Akakataa na kichwa.

«Bamayo, mbuzi wa kule wanakula hata kamba ya boti. Siku moja hayatamaliza.»

«Basi nikupe nini?»

Akatua muzigo. Akasema kwa upole, kama mutu anayemufundisha mutoto kufunga kiatu: «Mama alipokuwa mugonjwa, nilimuambia habari ya maua yako. Akaniuliza, huyo mama ni mutu wa namna gani? Nikamuambia simujui. Ku vilio maua yake yanafika, yeye mwenyewe hafiki.»

Nikaweka jembe chini.

«Wadada zangu wako bado mu nyumba ya mama,» akasema. «Kuja ukae nao. Maua, uyaache.» Akabeba samaki wake akaenda.

Yaya, nina hasira hata sasa naandika. Hasira kwa Dany, kwa Mama Chomba, kwa wote walionifundisha kumuomba mufiwa ushahidi. Lakini nikilala inanirudia: kama ningekuwa naingia mu vilio vya watu, nakaa chini na wamama, napika nao, nani angenidanganya habari ya kilio kisichokuwa? Ningejua sanduku liko mu nyumba gani. Walinidanganya juu sikuwa pale. Na huyo mwanaume aliniambia hii bila kupandisha sauti, njo kinachonichoma zaidi. Nilifikiri ninagawa. Nilikuwa nalipa ili nisiende.

Miiba nimeitoa. Yamebaki machipukizi machache ya mwisho, anayetaka akate, aje mwongo, aje wa kweli, sitasimama tena pa mulango kuhesabu machozi ya watu.

Kesho asubui ninaingia mu boti ya Kilwa. Unajua mimi na mayi tangu ile kuvuka yetu ya vita, hata kuoga mu ziwa ninaogopa. Constantin amesema atanifunga na kamba ku mbao kama mbuzi wa Kapembwa, lakini nimemuona ameweka shati yake safi karibu na mulango, yeye pia anakuja. Nimefunga unga, mafuta kidogo, na kitenge cha kukalia. Maua sikukata hata moja.

Kinachonitisha si mayi peke yake. Kibemba yangu ni ya soko, yaya. Najua kusema bei, najua kusema samaki huyu ameoza. Neno la kumufariji mutu sikujifunza hata moja. Sijui nitawaambia nini wale wadada. Nitaingia, nitatandika kitenge, nitakaa chini.

Umusalimie shemeji Jean-Claude, umuambie avae kitambaa puani hata kama wenzake wanamucheka. Umubusu Pierrette na mutoto wake mupya, ambaye bado sijamuona. Chouchou umuambie mama yake mudogo angali anangoja picha ya komunio. Gloire na mume wake wanakupigia magoti, na Constantin anauliza kama kule mungali munakula viwavi vya Kasenga bila kumukumbuka.

Bwana akulinde kutoka na kuingia kwako, akuponye muguu, atupe siku ya kuonana kabla uzee haujatufunga macho. Na wewe, siku barua hii itakufikia, unitaje mara mbili, mara moja kwa mayi, mara moja kwa ile nyumba.

Ni mimi mudogo wako, anayekupenda kuliko karatasi hii inaweza kubeba,

Fidélie