Abee ya Bi Mwanaisha

Jumanne, Kisauni

Na bado namkasirikia askari mwenzangu aliyelitupa faili la Bi Mwanaisha kabatini, akahamishwa kituo. Mpelelezi nikawa mimi, na aibu ikawa yangu: kusimama kortini kila mara na kusema, "Mheshimiwa, uchunguzi haujakamilika." Hakimu huagiza kesi itajwe tena mwezi ujao, na nyingine zinajazana nyuma yake.

Bi Mwanaisha aliibiwa cherehani Jomvu Kuu. Hakosi siku. Akisikia tu jina lake huinuka na kuitika kwa adabu, "Abee!" Watu hucheka. Kisha huambiwa kesi imetajwa tu, haisikilizwi, arudi nyumbani.

Wiki jana nilichoka. Nikamfuata mimi mwenyewe yule aliyeuziwa cherehani hiyo, hadi Mwakirunge, vumbi la machimbo puani, akaandikisha taarifa. Leo nikasema, "Tuko tayari, Mheshimiwa." Wallahi, sauti yangu niliipenda.

Kabati bado limejaa. Na yule mshtakiwa, mwizi au si mwizi, muda wote huu yuko rumande akitungoja sisi. Hilo linaniuma, wala sijui nianze na faili gani kesho.

Lakini leo jina likaitwa. "Abee!" Wakaanza kucheka.

Hakimu akainua kichwa. "Pita mbele, mama. Leo tunakusikiliza."

Bi Mwanaisha akajitanda mtandio wake vyema, na alipofika nilipoketi akaniinamia.

"Mwanangu," akaninong'oneza, "leo nimeitwa kweli."