Sauti ya Babu Kwenye Muziki wa Nyota

Anisa,

Maziwa nimechemsha, yafunike. Nimeenda kwa jirani Ado, hasira ipoe.

Asubuhi dukani nimesikia sauti ya marehemu babu yako kwa simu ya Abdikarim, ndani ya huo muziki wa nyota unaoupanga kwa kompyuta, ule wa kuvuma tu bila ngoma. Abdikarim akacheka, “Nyanya, siku hizi mzee anachunga mwezini?”

Hiyo rekodi nilikupa utunze. Nani alikuambia uitume kwa watu? Na umeikata! Babu akimaliza kuita ngamia, ananiita mimi: “Kabale, uko wapi?” Ngamia wote umewaacha, mimi umenitoa.

~~Futa huo muziki wote.~~

Usifute. Nirudishe hapo mwisho, leo, kabla sijafika.

Nyanya yako