Kidonda Kikiwa Chekundu

Mjukuu wangu Salma,

Assalaam aleikum. Hapa Ndia Kuu sote tu wazima, na shangazi yako Rukia amejifungua mtoto wa kiume. Nasikia pikipiki ilikuangusha huko, na sasa waogopa kwa kuwa kidonda cha mguu kimekuwa chekundu, tena kina majimaji.

Nilipokuwa msichana, mafuta ya mahamri yaliniunguza mguu. Mama alikiacha kidonda wazi kikauke, na kila asubuhi akibandua kigaga atazame ndani. Kikaoza. Hospitalini daktari alisema huenda mguu ukakatwa, ila tujaribu kwanza kukisafisha.

Muuguzi, Bi Zuhura, aliondoa nyama iliyokufa, akaosha kwa maji safi ya chumvi, akafunika kwa kitambaa chenye unyevu. Asubuhi moja alipofungua nikaona wekundu mtupu, nikalia.

"Mama Fatma, njoo uone," akamwita mama. "Hii ni nyama mpya. Ukiibandua, itaanza upya. Iache ifanye kazi yake."

Mama aliinama akatazama, kisha akapiga kigelegele mle mle wodini.

Dada yangu alipoolewa, nilikwenda kwa miguu yangu hadi Feri kuwapokea wageni wa Likoni, nikarudi nikiimba nao njia nzima.

Basi kama kidonda hakinuki, hakina usaha, wekundu hausambai wala huna homa, mwili wako unajijenga. Kioshe, kifunike, ukiache. Ukiona vingine, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Nami nakungoja utembee.

Nyanyako,
Fatma