Maganda Mekundu ya Sepuka

Jumatatu, 5 Mei

Asubuhi baraza la madiwani. Maji tena. Habari nimeituma kabla ya chakula cha mchana. Baadaye sokoni, bei ya alizeti. Jioni nyumbani Mandewa, nimefua.

Makala ya maganda ya risasi za baba nayo imekwenda. Niliiandika jana Sepuka kwa mama, nimekaa pembeni mwa shamba lake la uwele. Maneno yalikuja yenyewe.

Baba alikuwa na shotigani yenye kibali. Aliwinda ndege tu, kanga na kwale. Risasi zake zilikuwa za karatasi ngumu nyekundu, kitako cha shaba. Masika karatasi ilivimba na risasi ikagoma kuingia kwenye mtutu, kwa hiyo alizipanga jikoni, mbali kidogo na mafiga, zikauke taratibu. Ganda tupu lilikuwa la mtoto aliyeamsha ndege vichakani ili baba apige. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya baba na haikuwa na rufaa. Ukilipuliza mdomoni linapiga mluzi. Na ile harufu likitoka tu kwenye bunduki. Za siku hizi ni plastiki, hazinuki hivyo. Nayakumbuka yale kuliko nyama yenyewe.

Baba alipofariki, bunduki ilirudishwa polisi kwa taratibu zote. Maganda yakabaki. Mama huyatunga kwenye kamba na kuyaning'iniza shambani uwele unapokomaa. Upepo ukipita, vitako vinagongana, ndege wanaruka. Jioni anayaanua kama nguo, maana karatasi haipatani na umande.

Nimetuma na picha. Maganda kwenye kamba, uwele nyuma yake. Picha nzuri.

Alhamisi, 8 Mei

Makala imetoka. Picha si yangu.

Wameweka risasi za bunduki ya kivita. Mpya, ndefu, zinang'aa, zimepangwa juu ya meza nyeusi. Juu yake kichwa cha habari: Bibi wa Sepuka na hazina ya risasi. Jina la mama lipo. Jina langu lipo. Neno "maganda" halipo mpaka aya ya tatu.

Nimekasirika. Sitaandika zaidi leo.

Ijumaa, 9 Mei

Nimempigia mhariri Dar es Salaam. Ni kijana, ana adabu ya simu. Kasema picha yangu ilionekana kama takataka zilizoanikwa. Kasema hakuna anayefungua ukurasa kwa ajili ya vitu vilivyochakaa. Nikamwambia makala nzima inahusu vitu vilivyochakaa. Akacheka. Alidhani natania.

"Dada, risasi ni risasi."

Sijawahi kukata simu ya mhariri. Nimekata.

Jumamosi, 10 Mei

Ntandu, mdogo wangu anayeishi na mama, amenipigia asubuhi. Jana jioni walikuja askari wawili na mtendaji wa kijiji, gazeti mkononi. Wakauliza risasi ziko wapi. Mama akawaonyesha kamba. Wakasema hayo tumeyaona, za kwenye picha je? Wakapekua nyumba. Hawakukuta kitu. Wakaondoka na maganda yote kwa uchunguzi.

Ntandu anasema walikuwa wastaarabu, walimwamkia shikamoo. Hainitoshi. Mama yangu kapekuliwa mpaka chini ya godoro kwa picha ambayo hata sikuipiga.

Na uwele bado kidogo ukomae. Kwelea kwelea wameshaanza kutua.

Jumapili, 11 Mei

Sepuka. Nimewasikia ndege kabla sijaliona shamba. Mama anagonga debe tangu alfajiri, sauti imemkauka. Ndege wanainuka, wanazunguka, wanarudi palepale. Debe wamelizoea. Ntandu ametundika makopo. Makopo hayaruki na upepo mdogo kama yale maganda.

Mama ameomba aione picha. Akaitazama muda mrefu.

"Baba yako angekuwa na hizi, tungekula tembo, si kanga."

Ntandu akacheka. Mimi sikucheka. Kisha mama akaniuliza kama ni kweli nimeandika mimi. Nikajibu maneno ni yangu, picha si yangu. Akasema askari hawakuja kusoma maneno.

Nimegonga debe mpaka jua lilipozama. Mikono inauma. Nina hasira na mtu aliyekaa chini ya kiyoyozi.

Jumatatu, 12 Mei

Kituo cha polisi. Mkuu wa kituo ni mtu wa makamo, mtaratibu. Amenisikiliza. Anayaona maganda, analiona gazeti, anajua havifanani. Tatizo lake ni wakubwa.

"Mama, mimi nakuamini. Lakini juu kule wameliona gazeti, hawajakuona wewe."

Gazeti lenyewe likichapisha kwamba picha haikupigwa Sepuka, atayarudisha siku hiyohiyo. Ombi la haki. Hata mimi ningelitoa.

Maganda yapo kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vibaya, sakafuni, kando ya ndoo ya maji ya kunywa. Kila anayechota anamwaga. Nimeomba mfuko uinuliwe. Askari wa zamu kasema kielelezo hakiguswi ovyo. Kwa hiyo kinalowa kwa mujibu wa taratibu.

Jumatano, 14 Mei

Mhariri hataki masahihisho. Anasema watu wameshasahau, tukisahihisha tunawakumbusha. Nimewahi kuandika masahihisho kwa kukosea jina la shule. Kwa nyumba ya mama kupekuliwa, hakuna nafasi ukurasani.

Ntandu: upande wa mashariki wa shamba umebaki mabua.

Alhamisi, 15 Mei

Lori la vitunguu limepinduka Mkiwa, njia panda. Barabara imefungwa, mabasi yamepangana pande zote mbili. Hakuna aliyekufa. Vitunguu vimetapakaa, watu wanaviokota na mabeseni. Nilifika mapema. Nina picha, nina dereva, nina maelezo ya abiria. Mwingine hana.

Mhariri kapiga simu kabla sijapiga mimi. Nikamwambia habari ipo, itatoka mkononi mwangu masahihisho yakishapangwa ukurasani, na picha yangu ya kamba ikiwa juu yake. Akasema hiyo siyo kazi. Nikasema na ile ya risasi haikuwa kazi.

Sijawahi kuzuia habari. Leo nimezuia. Sijutii.

Saa moja jioni amenitumia ukurasa. Nimeusoma mara mbili. Ndipo nikatuma vitunguu.

Ijumaa, 16 Mei

Masahihisho yametoka. Picha imetoka na giza kidogo. Nimelipeleka gazeti kituoni mwenyewe. Mkuu wa kituo kasoma, kaita askari, mfuko ukaletwa. Nikasaini.

Maji ndani. Karatasi zimevimba, nyingine zimeanza kuachana na vitako. Nimenusa moja. Udongo tu.

Nilikuwa na maneno mengi. Nikasema asante.

Jumapili, 18 Mei

Sepuka. Mama alivuna juzi kilichobaki, kabla hakijakomaa vizuri. Uwele umejaa gunia moja na kidogo. Shamba liko kimya. Hakuna ndege, hawana cha kufuata.

Nimemkabidhi mfuko. Amekwenda jikoni, akayapanga maganda moja moja mbali kidogo na mafiga, midomo ikielekea moto. Vile vile alivyokuwa akipanga baba. Tumekaa hapo. Karatasi zinatoa mvuke mwembamba.

Moja lilipokauka akaliokota, akalipuliza. Likapiga mluzi, hafifu. Akanipa.

"Chukua. Ndege umeamsha wewe."

Liko hapa mezani, Mandewa. Kesho baraza la madiwani, saa tatu.