Tundu kwa Mugongo ya Kobe

Kashuga

Kwako mwana wangu Archange,

Jambo sana. Natumaini hii barua itakukuta Bweremana ukiwa na nguvu, na pikipiki yako haijaanguka tena na hizi mvua. Unakula kweli? Siye huku tuko, Mungu anatulinda. Mutoto wako Benita anakusalimia, jino yake ya mbele ilitoka, anacheka mudomo wazi. Mudogo yako Jérôme anakusalimia, kifua yake sasa iko muzuri. Jirani Mama Nyiraneza anakusalimia, yeye na ulimi yake. Muke yako Léontine anakusalimia pia, hata kama hajui kama niko naandika. Kobe ya papa yako njo haiwezi kusalimia muntu. Iko mugonjwa sana, njo maana nimekamata kalamu. Telefone sikutaka, juu ya sababu telefone inalala kwa muke yako, na haya maneno asiyasikie.

Unajua vile marehemu aliipenda. Siku tulikimbia vita, aliacha matela ya kulalia akabeba kobe mu gunia. Watu walimucheka njia muzima, yeye anatembea tu. Alipokufa nilijiambia hii kitu haitafia mu mikono yangu.

Ilianza kukataa majani ya maboga. Kisha macho ikavimba, na ukiikaribia inatoa harufu ya nyama ya kuoza. Nikasema labda ni baridi ya huku. Lakini asubuhi moja nikaona kwa mugongo, karibu na mukia, kuko buji ya mushumaa imeyeyushwa na kupakwa, kama vile muntu anaziba kitu. Nani anapaka kobe buji? Nikauliza Léontine, akasema hajui, lakini macho yake ilikimbia.

Nikaanza kumuchunga. Siku ingine namukuta nyuma ya nyumba, kobe iko mu sufuria, maji ya vuguvugu inaifika shingoni, na chumvi iko pembeni. Aliponiona alifunika na kikwembe yake ya kujifunga. Nikapeleka ile habari kwa Mama Nyiraneza. Akasema, dada yangu usijichoshe, kule kwabo Walikale kobe ni mboga, na mboga inaanzaka na chumvi. Yeye alicheka, mimi sikucheka. Nikahamisha kobe mu chumba yangu, nikafunga na kufuli. Léontine akaniomba nimupatie, akaniomba tena, mpaka na machozi. Nikamwambia kama hamu ya chakula ya kwabo inamusumbua, njia ya Walikale anaijua. Nilisema vile, mbele ya Benita. Léontine akaanza kukunja nguo zake.

Mu chumba yangu kobe ikazidi kuugua. Jérôme akaenda Kitshanga kumuleta Papa Viateur, munganga wa nyama za kufuga. Yeye alituambia wazi kama ni muntu wa ngombe na mbuzi, akapigia kwanza telefone mwenzake mwenye anajua kobe. Kisha akakwangua ile buji. Chini yake kuko tundu, na mu tundu kuko usaha na kutu ya chuma. Alisema muntu alitoboa juu ya kuifunga kamba. Watu wanafikiri gamba ni kama kwato, haisikii kitu. Kumbe ni mufupa, iko na damu, inauma, na ikioza inaoza mpaka ndani. Kisha akauliza nani alikuwa anaiosha na maji ya chumvi, juu bila ile ingekuwa imekufa zamani.

Tukaangalia Léontine wote. Na mimi, mwana wangu, bado nikasema ni yeye alitoboa, sasa anaficha kosa yake. Njo akainua kichwa.

"Mama, mwenye kutoboa alinikataza kusema. Alitoboa na rayo, ile chuma nyembamba ya gurudumu ya pikipiki yake."

Archange. Kumbe uliichoma rayo mu moto mbele ya kwenda Bweremana, juu kobe ilikuwa inaingia mu mashamba ya watu. Ukamwambia azibe na buji, Mama asijue, atalia papa upya.

Sikuandikii juu ya kukutukana. Papa Viateur anaogopa kama ncha ya rayo ilikatikia ndani. Kama iko mule, lazima afungue gamba, dawa peke yake haitaponyesha. Kama haiko, kufungua bure kunaweza kuiua. Anangoja jibu yako. Nguo za Léontine nilizirudisha mwenyewe mu kabati. Tunaosha kobe pamoja, mimi nashika, yeye anamwaga maji. Mama Nyiraneza anasema sasa wapishi wamekuwa wawili.

Lakini moyo yangu haijalala. Muntu mwenye alikubali kutukanwa na kufukuzwa juu ya kulinda jina yako, kuko nini ingine ulimukataza kuniambia? Nimemuuliza, anatengeneza moto tu.

Uvae koti, kule kwa ziwa kunapiga upepo. Mungu akuchunge.

Mama yako, Kasoki

Mupe jibu muntu wa kwanza mwenye anapanda huku, asilale njiani. Rayo ilitoka muzima ao hapana? Na ile ingine, unijibu nayo.