KIKAO CHA KUMCHAGULIA SABIHA KOZI YA CHUO KIKUU

Kamati ya Masomo ya Sabiha Naim, Kitale
Jumamosi, 14 Mei 2005, nyuma ya duka la Bw. Aziz

Waliohudhuria:
Bw. Aziz, ami yake Sabiha, muuza vifaa vya stima – Mwenyekiti
Bi. Nyaguthii, jirani, mkulima – Mweka Hazina
Bw. Ndung'u, mwenye ofisi ya kupiga chapa – Katibu

Aliyealikwa: Sabiha
Aliyetoa udhuru: Mwalimu Mukhisa, aliyepiga simu kutoka Bungoma kusema yuko pamoja na walio wengi.

KUMB. NA. 1/5/2005: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kwa dua fupi na lawama ndefu kwa wanaochelewa. Aliyechelewa alikuwa Katibu. Mwenyekiti alieleza kwamba Sabiha amepata nafasi chuo kikuu, na fomu ya kozi lazima iende posta Jumatatu. Kozi zilizobaki ni uhandisi wa umeme, uhandisi wa kompyuta na sayansi ya kompyuta. Ikishatumwa, hakuna kubadilisha. Sabiha aliombwa anyamaze kwanza, wakubwa wamalize.

KUMB. NA. 2/5/2005: MAELEZO YA KITAALAMU
Katibu aliombwa aeleze tofauti ya kozi hizo, kwa kuwa ndiye mwenye kompyuta. Alieleza kwa kirefu, akitaja waya, programu na maendeleo ya dunia. Bi. Nyaguthii aliomba arudie. Katibu alishindwa, akaomba maji.

KUMB. NA. 3/5/2005: MAPENDEKEZO
Mwenyekiti alipendekeza umeme, akisema duka linahitaji mtu aliyesoma. Katibu alipendekeza sayansi ya kompyuta. Bi. Nyaguthii alisema, "Si useme tu unatafuta mtu wa kukutengenezea hiyo mashine yako bure." Katibu aliomba maneno hayo yasiandikwe. Yameandikwa kwa uamuzi wa walio wengi.
Bi. Nyaguthii naye alipendekeza uhandisi wa kompyuta, kwa sababu una kompyuta na una injinia, na hakuna atakayenuna. Wote walinuna. Mwenyekiti alitoka nje kidogo "kuangalia duka", ingawa duka lilikuwa limefungwa.

KUMB. NA. 4/5/2005: KURA
Kura ya kwanza: kila kozi ilipata moja. Chai na mahamri vililetwa, watu wakaombana msamaha. Kura ilirudiwa. Mwenyekiti, kwa heshima ya Bi. Nyaguthii, alipigia uhandisi wa kompyuta. Bi. Nyaguthii, kwa kumhurumia Katibu, alipigia sayansi ya kompyuta. Katibu, akiogopa kukosana na mwenye duka, alipigia umeme. Kila kozi ilipata moja. Mwalimu Mukhisa alipigiwa simu. Alisema bado yuko pamoja na walio wengi.

KUMB. NA. 5/5/2005: MENGINEYO
Sabiha, ambaye hakuwa kwenye ajenda, aliulizwa maoni yake.
Alisema, "Mimi nataka umeme." Mwenyekiti alianza kushukuru. Sabiha aliendelea, "Lakini sio ya duka, Ami. Nataka kujua stima inatoka wapi, na inapotelea wapi kabla ifike huko mtaani Kipsongo."
Mwenyekiti aliacha kushukuru. Ilionekana wazi kwamba ameumia. Baadaye aliuliza kama binti ana hakika.
Sabiha alisema hana. "Hata naogopa. Ndiyo maana nataka muandike ni mimi nimechagua. Nikianguka, watu wasiseme ati ni Ami, ama ni Bwana Ndung'u na mashine yake."
Hakuna aliyepinga. Bi. Nyaguthii alipangusa macho kwa leso, akasema ni moshi wa jiko.
Mwenyekiti alipendekeza umeme upite. Ulipita kwa kauli moja, na Mwalimu Mukhisa akahesabiwa humo bila kupigiwa simu.

KUMB. NA. 6/5/2005: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa kumi na moja jioni. Kabla ya sahihi, Sabiha aliuliza yake inakaa wapi. Katibu alimweleza kwamba kumbukumbu husainiwa na watu wawili tu, ndivyo ilivyo tangu zamani. Mwenyekiti alimwambia Katibu achore mstari mwingine.

Mwenyekiti: Aziz
Katibu: J. Ndung'u
Aliyechagua: Sabiha Naim