Monita ya Inchi Kumi na Saba

Tunu, uko mezani? Usishuke huku chini. Soma hapo hapo kwenye kompyuta yako, maana nikikusimulia kwa mdomo nitalia.

Ile monita mpya ya inchi kumi na saba iliyotoka bandarini, bosi si alinipa niijaribu wiki nzima, nimwambie kama inafaa? Tunu, inafaa! Fomu ya forodha unaiona yote bila kuisogeza. Saa ya chakula nikacheza ule mchezo wa magari, kwenye kona nainama na mie.

Lakini nikajua tu, hii ya Editha. Kila kizuri humu ofisini, Editha. Feni, Editha. Meza ya dirishani, Editha! Nikaona bora irudishwe, tukose wote.

Leo nikamsikia bosi anakuja, nikazungusha kitufe cha mwanga haraka, kioo kikafifia. Nikamwambia, "Bosi, inaumiza macho. Haifai kabisa."

Haifai! Mdomo wangu huu.

Akasema, "Pole, Zubeda. Basi apewe Editha, yeye halalamiki."

Kuli akaja kuihamisha. Alipoigeuza, nikaona nyuma imebandikwa karatasi, jina kwa maka peni nyeusi. ZUBEDA.

Zubeda, Tunu! Mie ninayeshinda bandarini Kurasini nikisoma majina kwenye mizigo ya watu, wiki nzima sikugeuza wa kwangu.

Na sasa hivi Editha ameshazungusha kile kitufe, mwanga umerudi. Ananiuliza mbele ya watu wote, "Dada Zubeda, mbona mie hainiumizi?"